Nani Anasema Hodi kwenye Gari?

Mliponiaga kazini mlinipa kitenge, keki na saa ya ukutani. Kitenge nimeshashona, keki tuliila pamoja. Lakini saa ya ukutani, jamani! Mnajua fika kwamba naishi ndani ya gari, na ukuta wangu ukipita kwenye matuta ya Ipogolo unatikisika mpaka vikombe vinagongana kabatini. Basi nimeifunga juu ya sinki kwa mkanda wa kufungia betri, na inatembea vizuri tu.

Mliniomba niwaachie maneno machache kuhusu umeme wa gari la kliniki. Maneno machache sina. Vyeo sitavitaja, maana vingine vilichelewa na vingine havikufika kabisa, na mshahara kila mtu anajua wa kwake. Nitaandika kuhusu waya, kuhusu Mzee Kihwele aliyenifundisha, kuhusu lile sanduku la umeme mnalolibeba siku hizi kama vile mlizaliwa nalo, na kuhusu kaka yangu aliyesema mimi sina nyumba. Mtasema la kaka haliwahusu. Linawahusu, tena ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Siku ya kwanza kuingia karakana ya Iringa nilivaa sketi ya kanisani, kwa sababu sikuwa na nguo nyingine ya kuanzia kazi. Mzee Kihwele alikuwa chini ya gari, miguu tu ndiyo inaonekana. Alikuwa Mhehe wa Kalenga, fundi umeme wa magari, mtu wa maneno ya kuhesabu. Nikamsalimia, "Kamwene, baba." Akaitikia bila kutoka.

"Ofisi ya masjala iko kule juu," akasema.

"Nimetumwa huku kwenye umeme."

Miguu ikatulia. Akajivuta, akatoka, akanitazama kuanzia viatu. "Umeme wa magari?"

"Ndiyo, baba. Naitwa Tumpe. Nimetoka chuo cha ufundi Mbeya."

"Mnyakyusa?"

"Ndiyo."

"Basi hutaondoka hata nikikufukuza," akasema, akarudi chini ya gari. Nimetaniwa na Wahehe maisha yangu yote, na sijawahi kutaniwa kwa ukweli kama siku ile.

Hakunifukuza. Alinipa testa yake, taa ndogo ya nyuma ya gari iliyounganishwa nyaya mbili, akanionyesha Land Rover isiyowaka taa ya breki. Akasema nifuate waya kutoka kwenye taa mpaka kwenye fyuzi kwa mkono, bila kuruka hata mahali pamoja. Nilishinda chini ya lile gari na sketi yangu. Jioni niliukuta waya umeliwa na kutu mahali ulipopita kwenye tundu la chesisi. Nikamwita. Akaangalia, akasema, "Kesho uje na suruali." Huo ndio ulikuwa mtihani wangu wa kuajiriwa, na sikupewa cheti.

Alichonifundisha Mzee Kihwele ni masikio. Alikuwa anaweka bisibisi kwenye alteneta, mpini sikioni, anakwambia beringi imekufa au bado. Jenereta akiisikia kutoka getini alijua kama imekosa mafuta au imechoka plagi. Alisema fundi asiyesikia ni mtu wa kubadilisha vipuri tu. Nilimwamini kabisa, na ndiyo maana baadaye tuligombana.

Kisha likaja Mama Mkwe.

Ninyi mmelikuta limechakaa, lakini siku linashushwa lilikuwa linang'aa. Lilikuwa gari-nyumba, lililotengenezwa Ulaya kwa ajili ya watu wanaokwenda likizo na vitanda vyao: sinki, jiko, jokofu, heita ya maji, taa kila kona, choo ambacho mwanzoni tulikiogopa. Wafadhili walilileta kwa huduma yetu ya afya, na sisi tukalifanya kliniki ya kutembea. Manesi ndio waliolipa jina la Mama Mkwe. Likifika kijijini kila mtu anakaa vizuri, na halina haraka ya kuondoka.

Ubavuni lilikuwa na tundu la plagi kubwa ya buluu. Nilikuwa sijawahi kuliona. Nikasoma kile kitabu chake, nikaelewa: huko kwao unafika kambini, unakuta nguzo ya umeme imesimama inakusubiri, unachomeka waya, nyumba nzima inawaka. Nilicheka peke yangu. Nani atakusubiri na nguzo kule Umalila, milimani Mbeya?

Kwa hiyo tuliweka jenereta. Tuliifunga nyuma kwenye fremu ya chuma, tukavuta waya mpaka kwenye lile tundu la ubavuni, na kwa miaka mingi hayo ndiyo yakawa maisha yetu. Petroli kwenye madumu, moshi kwenye nguo, na kelele. Kelele hizo msizichukulie mzaha. Dakta Sanga alikuwa akiweka kipimo chake kwenye kifua cha mtoto, halafu anatoa kichwa dirishani anapiga ukelele, "Tumpe, zima!" Nazima. Jokofu la chanjo linanyamaza, taa ya kuchunguzia inazimika, hadubini inakuwa kipande cha chuma. Anasikiliza kifua, anapiga ukelele, "Washa!" Nawasha. Siku nzima, zima washa, zima washa, mpaka mkono wa kuvuta kamba ukawa mnene kuliko mwenzake.

Lakini siku iliyonichosha ni nyingine, kijiji kimoja cha juu kabisa Umalila. Alikuja mama mtu mzima, mkulima wa viazi, amejifunga khanga mbili kwa baridi. Ugonjwa wake ulikuwa wa siri, mambo ya kizazi. Akaanza kumweleza daktari kwa sauti ya chini kama inavyostahili. Daktari hasikii. Akarudia. Daktari hasikii, jenereta inanguruma, nesi akamwambia, "Mama, paza sauti." Yule mama akapaza. Na wakati huohuo jenereta ikakohoa, ikazimika yenyewe, na maneno yake ya mwisho yakatoka nje peupe, foleni nzima ikasikia. Watu walitazama chini. Mama yule alishuka ngazi bila kumaliza kutibiwa, akapita katikati yao amejifunika uso. Nilimfuata mpaka kwenye shamba lake nikamwomba arudi. Hakurudi. Nilirudi kwenye gari nimejaa hasira, nikaipiga teke ile jenereta, na kidole gumba cha mguu huu wa kulia kinanikumbusha kila kipupwe.

Hapo ndipo nilipoanza kulitafuta lile sanduku. Kizungu chake ni pawa stesheni: betri kubwa ya lithiamu, inveta yake ya kugeuza umeme humohumo, soketi mbele, mkono wa kubebea, na kioo kidogo kinachokuonyesha umeme unaoingia na unaotoka. Haina moshi, haina kamba ya kuvuta. Nilikuwa nimeiona kwa watalii waliokwama Ipogolo na gari lao la kulala. Niliwatengenezea waya, nikaomba nilichungulie sanduku lao, na tangu siku ile sikulala vizuri.

Mratibu wetu wa wakati ule alinisikiliza, akasema, "Fundi, hicho ni kitu cha kuchajia simu." Nikaandika maombi, yakarudi. Nikaandika tena, yakarudi tena, safari hii na alama ya kahawa. Mwishowe mfadhili mmoja alikuja kututembelea, nikamkaba getini kabla hajanywa chai, nikamweleza habari ya yule mama wa Umalila. Sanduku lilikuja. Mratibu hakunisemesha wiki nzima, na mimi nilikuwa na kazi nyingi, sikugundua mapema.

Nililipeleka Kalenga kwanza, kwa Mzee Kihwele, ambaye alikuwa ameshastaafu analima mahindi. Nikaliweka mezani, nikawasha, nikachomeka taa. Akainama, akaweka sikio. Akanyanyuka.

"Halisemi kitu," akasema.

"Ndiyo uzuri wake, baba."

"Uzuri gani? Likiumwa fundi atajuaje?"

"Kuna kioo hapa. Kinaandika."

"Kinaandika! Umeacha masikio niliyokupa, unasoma kioo." Alikasirika kweli, na mimi nikakasirika. Nikamwambia kwamba masikio aliyonipa ndiyo yaliyomsikia yule mama akiaibika. Mkewe akaleta viazi, tukala bila kutazamana. Wakati naondoka akasema, "Jenereta usiitupe." Nikasema, "Siitupi, naiacha." Akaelewa kwamba naiacha ilipo kwenye gari, nami sikumsahihisha.

Safari iliyofuata nilifungua jenereta kwenye fremu yake, nikaiacha karakana, nikapanda Mama Mkwe na sanduku peke yake. Sikumwambia mtu. Tulipofika Mafinga, pale kwenye malori ya mbao, dereva akashuka kuangalia tairi za nyuma. Akarudi amekodoa macho.

"Fundi! Jenereta imedondoka!"

"Haijadondoka. Iko nyumbani."

"Sasa tutawasha na nini?"

"Endesha gari, kaka."

Nesi Flora akaanza kusali kwa sauti. Dakta Sanga alinitazama kwenye kioo cha dereva, kisha akatazama barabara. Jamani, niliogopa. Ujeuri wangu wote ulikuwa mdomoni, tumboni hakukuwa na kitu. Kama sanduku lingenigomea, chanjo zingeharibika na mimi ningeishia kushona vitenge.

Na lilinigomea. Sikilizeni hapa vizuri, maana hili ndilo mnaloniulizia kila mara. Tulifika Umalila, asubuhi yake nikachomeka sanduku kwenye tundu la ubavuni, gari zima likawaka kimya. Watu wakapiga makofi. Kabla ya saa nne asubuhi kioo kinaonyesha sanduku linakaribia kuisha. Kisa? Mama Mkwe ana betri zake za maji chini ya kitanda, na ana chaja yake ya kuzijaza kila anapopata umeme wa ubavuni. Hajui umeme unatoka wapi. Kwa hiyo sanduku linailisha chaja, chaja inazilisha betri, na joto linapotea njiani, yaani unamwaga maji ndoo hii kwenda ndoo ile na nusu yanaishia sakafuni. Juu ya hayo heita ya maji nayo ilikuwa imewaka yenyewe, inachemsha maji ya kuoga ambayo hakuna aliyeyaomba. Nilizima chaja kwenye breka yake, nikazima heita, nikavuta waya kutoka kwenye injini, dereva akaacha gari likinguruma taratibu mpaka tukapata nguvu ya kuendelea, na jua lilipotoka paneli za sola nilizofunga juu ya paa zikashika kazi.

Kwa hiyo, kabla ya kuchomeka, zima chaja ya gari. Zima heita. Jokofu kwanza, lipe muda lianze, ndipo taa, ndipo vingine kimoja kimoja huku unatazama kioo. Aliyewahi kuchomeka birika la umeme wakati hadubini inafanya kazi anajijua, na mimi namjua, na wala sijasahau.

Mchana wa siku hiyo lilinigomea tena, likazimika kabisa. Safari hii kioo kiliandika joto limezidi. Joto! Umalila, mwezi wa sita, watu wanapuliza vidole! Nikafungua kabati nikalikuta sanduku limefunikwa blanketi zito, limechomekewa pembeni vizuri, bado kidogo libebwe mgongoni.

"Nani kafanya hivi?"

"Mimi," akasema Nesi Flora. "Asubuhi umesema mwenyewe kwamba halipendi baridi."

Alikuwa na haki. Nilisema hivyo, kwa sababu lithiamu haikubali kuchajiwa kwenye baridi ya kuganda. Lakini likiwa linafanya kazi linapumua kwa feni, na yeye alikuwa ameziba pua zote. Sisi watu wa nyanda za juu tunafunika kila kitu: mtoto, sufuria ya uji, ndama. Nani atamlaumu? Nikatoa blanketi, nikangoja lipoe, likawaka. Kuanzia hapo sheria ikawa blanketi ni wakati limezimwa tu, na safari zote za kipupwe sanduku lililala ndani na sisi, kitanda cha chini.

Mchana ule Dakta Sanga alimsikiliza mtoto kifua bila kupiga ukelele dirishani. Na mama mmoja, siyo yule, mwingine kabisa, alieleza ugonjwa wake kwa kunong'ona. Mimi nilikuwa nje karibu na ngazi na sikusikia hata neno. Nililia, nikasingizia moshi, wakati moshi haukuwepo.

Mzee Kihwele alikuja karakana baada ya hapo, mwenyewe, kwa miguu yake, amevaa kofia yake ya kanisani. Akakaa ndani ya Mama Mkwe, sanduku likifanya kazi. Akakaa muda mrefu. Akasema, "Nasikia jokofu linavyozunguka. Beringi yake inaanza kuchoka." Hakuna aliyekuwa ameisikia kabla, kwa sababu ya kelele za jenereta. Tuliibadilisha. Hilo ndilo la mwisho alilonifundisha, na alifariki bila kusema kwamba nilikuwa sahihi, kwa hiyo sitaki mtu aseme kwa niaba yake.

Sasa nije kwa kaka.

Mwaka niliostaafu, Mama Mkwe naye alistaafishwa. Huduma ilipata magari mapya, likawekwa uani liuzwe. Mimi nilikuwa na kiinua mgongo ambacho ukoo wangu mzima ulishakijengea nyumba kichwani, vyumba, bati, geti na vigae. Nikalinunua gari. Sanduku la umeme nikanunua jingine jipya, nikafunga paneli upya, nikabadilisha magodoro. Mimi ni mjane, watoto wangu wako kwao, na nimelala kwenye lile gari zaidi ya nilivyolala kwenye nyumba yoyote ya kupanga. Nilitaka nizeeke nikiwa nahama mwenyewe, leo Kalenga, kesho Mbeya, kesho kutwa popote penye sehemu tambarare.

Kaka Ambokile ni mkubwa wangu, mwalimu mstaafu, ana nyumba kubwa Tukuyu. Aliita kikao cha ukoo. Nilikwenda na gari lenyewe, nikaegesha uani kwake. Aliligonga bodi kwa kiganja, pa pa pa, kama makonda anavyoruhusu basi, nikashuka.

"Gwe Tumpe," akasema mbele ya watu wote, "wewe ni mtu mzima. Siku yako ikifika, waombolezaji watakaa wapi? Turubai tutafunga kwenye saiti mira?"

Watu walicheka. Mimi pia nilicheka, maana neno lilikuwa limekaa vizuri. Lakini yeye hakuwa anatania. Alikuwa ameshapata mnunuzi wa Mafinga, anataka kuligeuza banda la chipsi. Chumba changu kilikuwa tayari kwenye nyumba yake, kitanda kimeshatandikwa.

"Nashukuru, kaka. Nyumba ninayo."

"Nyumba? Nyumba ni mahali ambapo mtu anasimama nje anasema hodi. Nani anasema hodi kwenye gari?"

"Atakayetaka kuingia."

"Mimi sitasema. Watu wataniona nimechanganyikiwa." Kisha akatoa neno ambalo kwetu si dogo. Akasema kama siuzi, gari hilo lisikanyage tena kiwanja chake, na siku nikifa nisitegemee ukoo kukusanyika barabarani. Hakuna aliyecheka tena. Kwetu mtu anaweza kuishi bila vingi, lakini kuambiwa hutazikwa na watu wako ni kuambiwa hukuwahi kuwa mtu wao. Nilitaka sana kusema, "Haya, nauza." Neno lilifika mpaka kwenye meno.

"Siuzi," nikasema.

Asubuhi, kabla sijaondoka, nikasikia mtu anafuta miguu kwenye nyasi. Halafu sauti: "Hodi humu ndani." Ilikuwa wifi yangu, Mama Lugano, mke wa kaka, ameshika sahani ya ndizi na kipande cha nyama. Nilivuta pazia nihakikishe. Akarudia hodi. Nikasema karibu. Alivua viatu kwenye ngazi, akakaa kitandani, akashika pazia, akawasha taa ya kusomea akazima, akawasha tena.

"Kumbe kuko kimya hivi, wifi."

"Hakuna jenereta."

"Kwangu sijawahi kusikia kimya," akasema. "Mtu anaita, mlango unagongwa, redio ya kaka yako." Akakaa na mimi mpaka chai ikaisha, akasema, "Usiuze."

Hatukuonana tena. Lugano, mwanawe mkubwa, alinipigia simu niko Ipogolo nasafisha paneli. "Shangazi," akasema, "mama hayupo." Alikuwa ameugua siku chache tu. Nililiwasha gari vilevile nilivyokuwa. Nililia kutoka Igawa mpaka Uyole, na kuendesha huku unalia ni jambo ambalo simshauri mtu yeyote.

Kiwanja ni cha kaka, amri yake niliitii. Niliegesha chini, nje ya mpaka, kwenye migomba ya jirani, mahali panapoonekana kutoka uani. Wifi yangu nilimwombolezea juu, nikapika na wanawake wenzangu, nikamzika. Lakini kulala nililala kwangu. Kaka hakunikataza wala hakunikaribisha, alinipa mkono kama anavyompa kila mtu.

Siku ya pili baada ya mazishi mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha ile isiyo na haraka. Umeme ulikuwa umekatika, vijana wamekodi jenereta wameifunga nyuma ya jikoni, na kelele yake ilikuwa inafika mpaka kwangu. Nyumba ya kaka ilikuwa imejaa pomoni. Sebuleni viti vimetolewa, mikeka imetandikwa, wanawake wamekaa bega kwa bega. Vyumba vyote vina wageni wa Mbeya na Iringa, hata kile changu kilichotandikwa, hata cha kwake. Wanaume wako chini ya turubai wanabishana siasa ili kumchangamsha mfiwa. Hivyo ndivyo msiba unavyokaa, na hivyo ndivyo alivyotaka nyumba ikae.

Saa za alasiri nilikuwa ndani nasafisha mchele, sanduku linaendesha jokofu na taa moja. Nikasikia viatu kwenye matope. Vikasimama. Nikangoja ile pa pa pa ya kiganja kwenye bodi. Haikuja. Mvua ilinyesha. Mtu alikohoa.

"Hodi."

Nilijua sauti. Nikaweka ungo chini. Nakiri kwamba nilinyamaza makusudi, nilitaka kuisikia tena.

"Hodi, Tumpe."

Mara ya tatu isipoitikiwa mtu anaondoka, ndiyo desturi, na kaka yangu ni mtu wa desturi. Ikaja ndogo sana, karibu imezwe na mvua: "Hodi hapa."

"Karibu, kaka. Karibu ndani."

Alivua viatu kwenye ngazi, palepale mkewe alipovivulia. Akakaa kitandani ameloa mabega. Akatazama ile saa yenu ya ukutani, akatazama mkanda ulioifunga, akatingisha kichwa.

"Mbona kuko kimya?"

"Hakuna jenereta, kaka."

"Mama Lugano aliniambia," akasema. "Nilimwambia aache upuuzi." Kisha akainama, akalia. Tangu siku ya kwanza ya msiba nilikuwa sijamwona akilia. Mtu atalia wapi kwenye nyumba isiyo na hata kona moja iliyo wazi? Alilia kwa sauti, na hakuna aliyemwambia ajikaze. Alipotulia nilimlaza, nikachukua blanketi nikamfunika mpaka mabegani.

"Gari siuzi," nikamwambia. Najua haukuwa wakati wake. Lakini nilitaka alisikie akiwa ndani.

"Sijakuuliza," akasema, akafumba macho.

Hakulala sana. Kule juu waliona kiti chake kitupu wakaanza kumtafuta. Nikasikia miguu ya vijana inateremka mbio, halafu viganja kwenye bodi yangu, pa pa pa pa, vikombe vikagongana, saa ikacheza kwenye mkanda wake.

"Shangazi! Baba yumo humo?"

Sikuwahi kufungua mdomo. Kaka Ambokile aliketi na blanketi lake begani, akatoa ile sauti aliyofundishia darasani maisha yake yote.

"Acheni kugonga! Hii ni nyumba ya mtu. Semeni hodi!"

Viganja vikatoka kwenye bodi. Halafu Lugano, polepole, kama mtu asiye na hakika na masikio yake, akasema hodi, na mwenzake akasema hodi.

Kaka akanigeukia. Mwenye nyumba ni mimi, kuitikia ni kwangu. Sikuwa na haraka.